Kifua Kilichonipandisha Darini

Kama umetoka kuambiwa leo kwamba una kifua kikuu, kaa kwanza, unywe maji, ndipo usome. Mimi niliambiwa joto lilipokuwa linaanza kupungua. Sasa nimemaliza dawa, na daktari ameniambia kwa kicheko kwamba hataki kuniona tena pale kwake. Sitakueleza vijidudu vinafanya nini ndani ya pafu, hayo utaelezwa na waliosomea. Nitakueleza habari ya kungoja, ya mwili kugeuka, ya ndugu kukugombania na kukuogopa kwa wakati mmoja, na ya kulala baridi nzima juu ya paa la nyumba iliyokuwa inasubiri kubomolewa.

Jina langu Zuwena. Nashona kofia kwa mkono, zile za matundu madogo wanazovaa wanaume wa Kiarabu wa hapa Matrah na wa kwetu Zanzibar, na sindano ndiyo iliyonilisha tangu nilipoachika. Sikujaaliwa mtoto. Nilikuwa naishi na mama yangu, Bi Asya, mlimani nyuma ya Bandari ya Sultan Qaboos, katika mtaa ambao sisi tuliotoka Zanzibar tukiuita Makulini. Vyumba vyake vilijengwa kwa safu kwa ajili ya makuli, wakati mizigo ya meli ikishushwa kwa mabega ya watu, na marehemu baba alikuwa mmoja wao. Chumba kimeegemea chumba, na nyuma yake kuna mwamba. Dirisha ni moja, linatazama uani, na uani kwenyewe jua linapita likiwa na haraka.

Sitaki mtu aseme Zuwena anaupamba mtaa wake. Mabomba yalikuwa yanavuja ukutani na waya za umeme zikining'inia mlangoni. Wenyeji wengi walishahama wakawapangisha wafanyakazi wageni, na chumba kilichokuwa cha kuli na mkewe kikawa cha wanaume saba. Siku hizi bandarini zinakuja meli za watalii, na amri ikatoka kwamba safu zote zitabomolewa. Kila mlango ukatiwa alama ya rangi nyekundu. Wenye nyumba walikuwa wapewe nyumba mpya ndogondogo nje kidogo ya Bawshar. Wote walikubali isipokuwa mama.

"Mimi hapa nitatoka nimebebwa," aliwaambia waliokuja kutia rangi, kisha akawaletea kahawa.

Nilianza kukohoa msimu wa tende. Nikanywa asali, nikanywa tangawizi, nikalaumu baridi ya maduka makubwa. Mama naye alikuwa na kikohozi chake cha miaka, tulishakizoea kama tulivyoizoea sauti ya jokofu, kwa hiyo mimi kukohoa hakukumshtua mtu. Nikakonda mpaka bangili zikawa zinatoka bila sabuni. Usiku nikiamka shuka imelowa. Siku nilipoona damu kwenye leso niliikunja leso ile vizuri, nikaiweka mfukoni, nikaendesha gari mwenyewe mpaka hospitali bila kumuaga mtu.

Chumba cha kungojea cha wagonjwa wa kifua kina adabu yake. Kila mtu amefunikwa pua na mdomo, kila mtu anatazama miguu yake, na mmoja akikohoa wote wanakaa kimya kana kwamba ni wao waliokohoa. Mimi mwanamke wa maneno mengi, na pale sikusema hata salamu yangu ya pili. Daktari aliponipa jibu nilisikia kitu kimoja tu, nacho hakikuwa ugonjwa wangu. Mama ana miaka themanini na ushei, tunalala chumba kimoja, vitanda vyetu vinakaribia kugusana. Kama nimemwambukiza, nimemuua. Nilimuuliza daktari habari yake, akanijibu kwamba kila ninayeishi naye lazima apimwe, na mama wa kwanza.

Nililazwa siku za mwanzo katika chumba cha peke yangu. Dawa zile, ndugu yangu, zijue mapema. Mkojo unakuwa rangi ya chungwa, jasho vilevile, na ukilia leso inachafuka. Usishtuke, ni dawa hiyo inafanya kazi. Magoti yanauma unaposimama kutoka kwenye sala. Chakula kinanukia vizuri mpaka kikufike mdomoni. Kilichoniliza mimi ni vidole kufa ganzi, sindano inaniponyoka na sijui imekwenda wapi. Muuguzi aliniongezea vidonge vya vitamini na vidole vikarudi taratibu, basi nawe ukiona ganzi usikae nayo kimya.

Nilipotolewa, ndugu yangu Nassor alikuwa mlangoni na gari. Nassor ni mdogo wangu, mtu wa ofisi, ana nyumba kubwa Bawshar.

"Khalas, Dada, basi tena," alisema. "Ile nyumba ndiyo iliyokuharibu kifua. Wallahi wangeshaibomoa zamani ungekuwa mzima. Unakuja kwangu."

Nilikwenda, na nilifurahi kwenda. Walinipa majlis, chumba chao cha wageni, chenye zulia la kuzama mguu na kiyoyozi kipya. Wifi yangu Rahma alinitengea sahani, kijiko na kikombe, akavifunga utepe mwekundu ili visichanganyike, na kila nikimaliza kula vinachemshwa. Sinia la wali wanalila wao huko ndani, mimi naletewa changu mlangoni. Kama umekulia kwenye sinia moja na watu wako, utajua sahani ya peke yako inavyouma kuliko sindano. Lakini niliona wana haki, nikala.

Jioni wakaja wageni. Kwetu mtu haugui peke yake, atatazamwa. Mashangazi, wake wa mabinamu, majirani wa zamani, halwa mbele na kahawa inazunguka, wote wamekaa kuzunguka godoro langu huku wakiniombea dua. Nje joto, kwa hiyo milango imefungwa, mapazia yameshushwa, na madirisha ya nyumba ile sidhani kama yaliwahi kufunguliwa tangu yatiwe. Nassor akimleta mama kila siku baada ya Alasiri. Mama anakaa kichwani kwangu, ananishika mkono, mpaka Isha. Hakuna aliyegusa kikombe changu.

Muuguzi aliyepangiwa kunifuatilia aliitwa Thuraya, binti wa hapa ambaye bibi yake alitoka Pemba, Kiswahili chake safi. Alikuja kunitazama saa hizo za wageni. Akasimama mlangoni, akatazama sahani yenye utepe, akatazama mapazia, akatutazama sote.

"Hii sahani imefanya kosa gani?" aliuliza.

Rahma akaeleza kwa fahari jinsi anavyoichemsha.

"Bibie, sahani haina kosa wala kikombe hakina kosa. Maradhi haya yanakwenda na hewa. Na hewa mmeifungia humu ndani pamoja naye, halafu mmekaa wote kuivuta."

Nilicheka mpaka nikakohoa, kisha nikatazama kichwani kwangu alipokaa mama, kicheko kikanikauka. Wageni waliaga haraka isivyo kawaida yao. Rahma alikwenda jikoni kulia. Nataka niseme hapa kwamba simjui mwanamke mwenye moyo kuliko Rahma: kesho yake alifungua madirisha yote kwa nyundo na bisibisi, akawapeleka watu wote wa nyumba kupimwa, wakatoka salama, na utepe aliufungua yeye mwenyewe mbele yangu.

Aliyekataa kupimwa alikuwa mama.

"Mimi nna kikohozi cha uzee," alimwambia Thuraya. "Hakihitaji picha ya kifua."

"Bibi, umebaki wewe tu."

Mama yangu hajasoma shule, lakini hajapata kuuza kitu kwa bei ya kwanza. "Hiyo hewa inayotakiwa," alisema, "humu haimo. Sisi kwetu dari tunayo, paa la saruji, ngazi inatoka uani, upepo wa bandari wote unapita pale. Mnirudishie mwanangu alale darini. Na mimi n'tapigwa picha yenu."

Nassor alihamaki. Kumrudisha mgonjwa kwenye mtaa mbovu unaobomolewa, watu watasema nini. Thuraya akasema yeye angelichagua dari. Basi nikarudi Makulini.

Sikuwa nimefikiria kwamba dari lile lina wenyewe. Wapangaji wa safu yetu walikuwa wakilala pale nyakati za joto na kuanika nguo zao, maana ndani wanalala kama masanduku. Aliyewaambia habari yangu ni Neema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Mwanza, anafanya usafi katika hoteli moja ya Matrah. Watu wale wasio na pahali pa kunyoosha miguu walikunja magodoro yao, wakaondoa kamba zao za nguo, wakakipandisha kitanda changu cha chuma kwa ngazi ile nyembamba, wakanifungia turubai la kivuli. Hakuna aliyenipa sharti. Mmoja wao, mzee wa Kibangali ambaye sikuwahi kujua jina lake vizuri, alinipangia matofali upande wa upepo ili mto wangu usiruke.

"Dada Zuwena, wewe pumua tu," Neema aliniambia. "Sisi tutabanana."

Thuraya alipowaambia nao wakapimwe, niliona hofu yao, nami niliielewa. Neema alinieleza wazi kwamba akikutwa na maradhi hayo hajui kazi yake itakuwaje, na ana watoto anaowasomesha nyumbani. Alikwenda siku ileile, wa kwanza, na wenzake wakamfuata. Wote walikuwa wazima. Mpaka leo nikimkumbuka amesimama ngazini na sare yake ya kazi, anakwenda kupimwa kwa ajili ya jirani, naona mimi ushujaa huo sina.

Siku ya picha ya mama tulikaa tena chumba kile cha kungojea, mimi kona ya mbali karibu na dirisha. Mama alikiharibu kimya chote. Alimsalimia kila mtu, akauliza huyu mtoto wa nani na yule ametoka wapi, akamwambia kijana mmoja anyanyue kichwa kwani hakuiba kitu. Watu wakaanza kuzungumza, hata mmoja akagawa tende. Mimi nilikuwa naomba Mungu kimyakimya, dua moja tu.

Daktari aliniita nje peke yangu. Mama naye alikuwa na kifua kikuu.

Nilisema, nimemuua mama yangu. Daktari akanikatiza. Akanionyesha picha na kunieleza pole pole kwamba kifuani mwa mama mna kovu la miaka mingi sana, la tangu ujana wake, huenda la tangu baba yu hai, na maradhi yalikuwa yamelala pale mpaka uzee ulipoyaamsha. Kikohozi kile tulichokizoea hakikuwa cha uzee. Hawezi kuapa, alisema, lakini kwa kila dalili, si mimi niliyempa mama. Mama ndiye aliyenipa mimi, kitanda kwa kitanda, katika chumba kile cha dirisha moja.

Ningefurahi? Nilipata nafuu kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha nikamwona mama kupitia kioo cha mlango, anacheka na wale watu, nikajua habari hii ikimfika itamvunja. Mwanamke aliyekaa kichwani kwangu kila jioni aambiwe kwamba ni yeye. Nikaingia, nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, nimekuambukiza. Nisamehe."

Alinitazama machoni. Akaniwekea mkono kichwani.

"Nimekusamehe, mwanangu."

Wanaume wa safu wakampandisha mama darini kwa kiti, huku yeye akiwaelekeza ngazi, na baridi ile tukaipitisha wawili juu ya paa. Asubuhi Thuraya anakuja, anatutazama tukimeza vidonge, mama anavihesabia majina ya wajukuu ili vishuke. Mchana nashona, yeye analala jua likimpiga miguuni. Rahma akituma chakula kwa sinia moja sasa, kwa kuwa wote wawili wagonjwa, na tulikula pamoja bila kumwogopa mtu. Chini yetu safu zilikuwa zinahama moja moja. Tukisikia malori, tukijua nani anaondoka. Ramadhani ilipoingia daktari akamzuia mama kufunga, akakasirika siku nzima, kisha akaamua kuwapikia futari waliofunga. Kikohozi chake kilikwisha. Nilishtuka siku moja kugundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu nipate akili nimelala usiku mzima bila kukisikia.

Makohozi yetu yaliposafika, Thuraya alisema neno moja: msirudi kulala katika chumba kile. Kesho yake mama akataka kupelekwa kuiona nyumba mpya. Nassor kidogo aanguke.

Aliyetuonyesha ni mhandisi wa kike, kijana, mwenye viatu vya vumbi. Alikuwa ameshakaa na kila familia ya Makulini, anasikiliza lawama zao zote na kuandika. Alituonyesha jiko, vigae, bomba la maji moto. Mama hakutazama. Alikuwa amekuja na chetezo chake kwenye kikapu na kipande cha mkaa. Akatia ubani, akakaa katikati ya chumba cha kwanza, milango wazi, akatazama moshi. Ukainama, ukatoka dirishani. Chumba cha pili vilevile. Chumba cha nyuma moshi ulipanda, ukasimama darini, ukakaa.

"Hapa ni Makulini vilevile," mama alisema.

Nilitamani ardhi inifunike. Lakini yule mhandisi alipiga magoti, pindo la abaya yake likagusa sakafu, akautazama moshi na mama bega kwa bega, akamwomba arudie. Kisha akasema alichora tundu la juu katika ukuta ule na mafundi waliliziba ili kiyoyozi kishike baridi, kwamba alilipigania akashindwa, na sasa ana moshi wa kuwaonyesha. Hakuwa na haja ya kumweleza mwanamke mzee haya yote. Wiki chache baadaye safu nzima ya nyumba zile ilitobolewa matundu ya juu. Mama akakubali kuhama.

Kubomolewa nilikwenda kutazama mwenyewe. Mashine iliondoa ukuta wa mbele wa chumba chetu, na jua likafika ukuta wa nyuma, ambako halikuwahi kufika. Ulikuwa mweusi wote, moshi wa makaa na wa taa za mafuta, wa miaka yote ya wazazi wangu mle. Nilifurahi unaanguka, na nililia. Yote mawili yalikuwa ya kweli. Neema alikuwa pembeni yangu. Hoteli imewapa wafanyakazi wake makazi Ghubra, wanawake wawili chumba kimoja, dirisha linafunguka, na alinionyesha picha ya dirisha hilo kwenye simu kama mtu anavyoonyesha mtoto mchanga.

Mimi nilimaliza dawa kabla ya Idi, mama akamaliza baada yake. Siri yangu niliitunza. Nilishajiandaa kufa nayo.

Jioni moja akaja jirani mpya wa nyumba ya mbele, mama wa watoto, jina lake Zainab. Alikaa karibu na mlango, akanywa kahawa, akazunguka maneno mpaka akafika. Alisikia kwamba niliumwa kifua. Ni kweli? Nikamwambia kweli, na nimepona.

"Na ulikipata wapi?" aliuliza, macho chini.

Nilikuwa nafungua mdomo kusema sijui.

"Kwangu," mama alisema.

Nikageuka.

"Mimi ndiye niliyempa. Nna kovu la zamani kifuani, tangu baba yake yu hai. Nikakohoa miaka, nikasema uzee, nikaona haya kwenda kupimwa, mpaka nikamtia mwanangu. Tumekunywa dawa wote, si sisi hawa hapa? Nani kwako anakohoa?"

Zainab akaanza kulia. Ni binti yake wa miaka kumi na sita, tangu Ramadhani, anampa asali. Anaogopa watu wakijua hataolewa.

"Asali nayo n'lishampa huyu," mama alisema. "Mlete asubuhi. N'takwenda naye mimi."

Alipoondoka nilifunga mlango, nikakaa mbele ya mama. Nilimuuliza amejua lini.

"Siku ileile. Daktari alikwita wewe peke yako. Ukarudi unaniomba radhi, lakini macho yako yananionea huruma. Mtu anayeomba radhi hana macho yale. Habari ya kovu nikamuuliza Thuraya mwenyewe."

"Na mbona ukasema umenisamehe?"

"Ulikuwa unanipa kitu, Zuwena. Nikapokea." Akavuta leso yake mabegani. "Lakini ukweli wa leo ulikuwa wa yule mtoto."

Asubuhi nilimkuta ameshavaa buibui, amekaa kiti cha mlangoni, na yule binti pembeni yake amefunika mdomo na ameinamisha kichwa. Mama alikuwa amemshika mkono. Akaniambia nitoe gari haraka, kwa kuwa pale hospitali ukichelewa unakosa viti vya dirishani.